Nani Atamweleza Dereva wa Boda?

Insha hii inapinga dhana moja iliyozoeleka katika vyuo vyetu hapa Kampala. Dhana yenyewe ni kwamba mwanafunzi wa uhandisi akishajua kuandika barua ya kuomba kazi, kupanga slaidi kumi na kuzungumza Kiingereza bila kusitasita, basi amemaliza stadi za mawasiliano. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, wala sijawahi kuunganisha waya kwa ajili ya alama. Hata hivyo, pikipiki za umeme zinapita mbele ya lango letu kila siku, zikiendeshwa na watu waliokalia betri ambayo wengi wao hawajaelezwa inavyofanya kazi, inavyoharibika na inavyoweza kuwadhuru. Kazi ya kueleza ni kazi ya lugha, na ndiyo maana naliingilia jambo hili. Nasema wazi: mhandisi asiyeweza kumweleza dereva wa boda betri yake hajamaliza kazi, hata kama betri yenyewe inafanya kazi.

Tuanze na betri. Ile tuliyoizoea katika magari, ya risasi na asidi, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mafundi wa Katwe na Kisekka wanaijua kama wanavyojua viganja vyao. Wanajua kufungua vifuniko vyake, kuongeza maji yaliyosafishwa, kusugua vichwa vyake vilivyoota ukungu na kuifufua kwa miezi michache zaidi. Maarifa hayo hayakutoka kwenye kitabu. Yalipitishwa kwa mdomo, fundi kwa mwanagenzi, kwa Kiganda, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za mjini.

Betri ya lithiamu ni kitu kingine kabisa. Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoiwezesha. Ndani yake hamna maji ya kuongeza. Kuna seli nyingi zilizofungwa pamoja, na kibao kidogo cha elektroniki kinachopima joto, volti na mkondo, kisha kukata umeme mambo yakienda mrama. Seli ikitobolewa au ikipondwa inaweza kupata joto lisilozuilika kwa urahisi, na joto hilo likahamia kwa seli ya jirani. Aina inayotumia chuma na fosfeti, ambayo inapendwa katika pikipiki, huvumilia joto zaidi kuliko ile yenye nikeli na kobalti. Lakini kuvumilia si kutoungua.

Sasa mfikirie fundi hodari wa betri za zamani anapoletewa betri ya lithiamu iliyogoma. Atafanya alichofundishwa, yaani ataifungua. Pengine ataunganisha waya moja kwa moja kukwepa kile kibao anachokiona kuwa ndicho kinachozuia umeme, kumbe kibao hicho kilikuwa kikimlinda. Hapo ustadi wake ndio utakaomponza. Huyu si mjinga wa kuelimishwa upya kuanzia alifu. Ana maarifa ya kweli kuhusu kitu kingine, na hakuna aliyekuja kumwambia kwa lugha yake ni wapi maarifa hayo yanakoma.

Tena kuna jambo linalolifanya suala hili kuwa la haraka. Kampuni kama Zembo na Gogo zimeleta Kampala utaratibu wa vituo vya betri: dereva anafika, anaacha betri iliyokwisha chaji, anachukua iliyojaa, anaondoka. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu mtu anayekula kwa kazi ya siku hawezi kukaa saa kadhaa akisubiri betri ijae. Lakini maana yake ni kwamba betri moja inapita katika mikono mingi. Aliyeiangusha jana si yule aliyeikalia leo. Katika pikipiki ya petroli, uzembe wa dereva hulipwa na dereva mwenyewe. Katika betri za kubadilishana, asiyeelewa humwachia hatari asiyemjua. Kwa hiyo haitoshi kwamba wachache wameelewa.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na hapa ndipo ninapodai kwamba wahandisi wanatuhitaji. Mwaka huu nilipita steji za Wandegeya na Kalerwe nikisikiliza tu jinsi madereva wanavyozizungumzia betri. Nitataja maneno matatu.

La kwanza ni moto. Kwa Kiganda chaji ya simu au ya betri huitwa omuliro, yaani moto, na wengi wanapozungumza Kiswahili hutafsiri vivyo hivyo. Betri ina moto, maana yake imejaa. Betri imeisha moto, maana yake haina chaji. Basi mhandisi anapotafsiri onyo lake la usalama na kuandika kwamba betri ikiwa na moto isiguswe, amemwambia dereva asiguse betri iliyojaa. Dereva atacheka, kisha ataipuuza karatasi nzima.

La pili ni kufa. Betri imekufa. Je, imeisha chaji na inahitaji kuchajiwa, au imechakaa na inahitaji kuondolewa barabarani? Kwa mhandisi hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kama Arua na Kabale. Kwa mhudumu wa kituo anayepokea betri saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa ndefu, ni neno moja, na neno hilo litairudisha betri mbovu kwenye chaja.

La tatu ni kubadilisha. Dereva akisema amebadilisha betri, huenda amepeleka tupu akachukua iliyojaa, kama afanyavyo mara kadhaa kwa siku. Huenda pia amenunua mpya kutoka kwa mtu asiyejulikana. Fundi anayemsikiliza hawezi kujua, na jibu ndilo linaloamua aanzie wapi kutafuta kasoro.

Maneno haya hayana kosa. Yanafanya kazi vizuri mtaani kwa sababu wanaozungumza wanaonana na wanajuana. Kosa ni la anayeandika maelekezo bila kuyasikia kwanza. Angeyasikia, angeamua kwamba katika maandishi yake chaji itaitwa chaji siku zote na moto utabaki kuwa moto unaounguza. Kwamba betri imeisha chaji au imechakaa, wala haifi. Kwamba kituoni tunabadilishana betri, na dukani tunanunua mpya. Uamuzi wa aina hiyo hauhitaji kompyuta wala maabara. Unahitaji siku mbili za kukaa steji na kusikiliza.

Je, kozi zetu za stadi za mawasiliano zinamfundisha mwanafunzi wa uhandisi kusikiliza hivyo? Zinamfundisha kuandika wasifu, kumbukumbu za kikao na ripoti. Zinamfundisha kusimama wima, kumtazama msikilizaji machoni, kutosoma slaidi neno kwa neno. Siyadharau hayo. Nauliza tu msikilizaji anayetazamwa machoni ni nani. Siku zote ni mhadhiri, mwajiri au mfadhili. Hajawahi kuwa mtu atakayekitumia kile kifaa.

Niliwahi kuhudhuria uwasilishaji wa miradi ya mwaka wa mwisho katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Wanafunzi wanne walikuwa wameunda betri ya pikipiki kwa seli zilizotolewa katika kompyuta mpakato za zamani. Kazi yao ilikuwa nzuri, na nasema hivyo bila kejeli. Slaidi zilikuwa nyingi, grafu zilikuwa safi, wahadhiri waliuliza kuhusu upotevu wa nishati na wakajibiwa. Mwishoni fundi sanifu wa maabara, mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliinua mkono akauliza kwa Kiswahili: "Wanangu, mvua ikinyesha na maji yakajaa pale Bwaise mpaka kwenye kiti, nifanye nini? Niisukume au niiache nikimbie?"

Walitazamana. Mmoja akajibu kwa Kiingereza kwamba kasha la betri lina kiwango cha IP67. Mzee akasema, "Sawa," akanyamaza. Hakuna aliyepunguziwa alama.

Kiwango hicho kina maana nzuri kabisa. Herufi na tarakimu hizo zinasema kwamba vumbi haliingii ndani ya kasha, na kwamba likizama katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, maji hayatakiwi kuingia kwa kiasi cha kudhuru. Basi jibu la mzee lilikuwepo: "Mzee, maji ya muda mfupi hayataingia ndani kama kasha halina ufa. Zima, sukuma mpaka pakavu, wala usiichaji kabla haijakaguliwa." Sentensi mbili tu. Vijana wale walikuwa na maarifa yote yanayohitajika kuzisema, na hawakuzisema, kwa sababu katika miaka minne hakuna mtu aliyewahi kuwaomba wazungumze na mzee kama yule. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Vyuo vyetu vimeifanya methali hiyo kuwa sera.

Mfano mwingine ni wa hesabu. Chukua betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Mwanafunzi yeyote wa uhandisi atazidisha na kupata wati-saa 2,880, kisha atapiga mstari chini ya jibu lake. Kwa dereva jibu hilo bado ni kelele. Tuseme pikipiki inatumia wati-saa 40 kwa kila kilomita. Gawanya, upate kilomita 72. Hilo linaanza kueleweka. Lakini hesabu haijafika mpaka mtu aseme hivi: kutoka katikati ya Kampala mpaka Entebbe ni karibu kilomita 40, kwa hiyo betri hii ikiwa imejaa itakufikisha Entebbe, lakini haitakurudisha. Ukipata abiria wa kwenda na kurudi, panga kwanza utabadilishana betri wapi. Na ukibeba mzigo mzito au ukapanda milima mingi, kilomita zitapungua zaidi. Sasa dereva anaweza kupanga siku yake na bei yake. Hatua hiyo ya mwisho haikuongeza fizikia yoyote, ila bila hiyo fizikia yote iliyotangulia haimsaidii mlipaji.

Watakuwapo watakaosema kwamba natia chumvi, kwamba mawasiliano ni mapambo na uhandisi ndio mwili. Hao nawakumbusha ajali ya chombo cha anga cha Marekani, Columbia. Tarehe 1 Februari 2003 kilivunjika kikirejea duniani, na watu saba waliokuwamo wakafa. Kipande cha povu kilikuwa kimeligonga bawa wakati wa kuruka. Wahandisi walilichunguza jambo hilo chombo kikiwa bado angani, na matokeo yao yakawasilishwa kwa slaidi. Bodi iliyochunguza ajali iliichambua slaidi moja na kuonyesha kwamba kichwa chake kilituliza, huku neno lenyewe la hatari, kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa mno kuliko vyote vilivyojaribiwa, likiwa limefukiwa chini kwa herufi ndogo. Bodi iliulaumu mtindo wa kutumia slaidi mahali pa ripoti za kiufundi. Ikiwa hao, kwa fedha zao na lugha yao wenyewe, waliangushwa na namna ya kueleza, sisi tunaoeleza kwa lugha ya tatu tuna sababu gani ya kujiamini?

Nimefika kwenye Kiswahili, na najua kwamba hapa baadhi ya wasomaji wataanza kusonya. Kampala inazungumza Kiganda, watasema. Kiswahili ni lugha ya askari. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tunakumbuka kilivyosikika kwenye vizuizi vya barabarani.

Kuhusu Kiganda nakubali bila ubishi. Maelezo ya betri yanayotumika Kampala yaandikwe kwa Kiganda, na mwanafunzi anayekijua Kiganda asione haya kukitumia mbele ya mhadhiri. Lakini steji za Kampala hazina Waganda peke yao. Zina vijana kutoka Arua, Kasese, Soroti na Gulu, na wakimbizi kutoka Kongo ambao Kiswahili ndicho chombo chao cha kwanza mjini. Zaidi ya hayo, betri haikai Kampala. Inashushwa Mombasa, inavuka Malaba, na ikichakaa huenda ikauzwa ng'ambo ya mpaka mwingine. Onyo lililoandikwa kwa lugha ya mji mmoja litaishia katika mji huo.

Kuhusu askari, lugha haina hatia ya waliowahi kuitumia vibaya. Kiingereza nacho kilikuja na bunduki, na hakuna anayependekeza tukiache. Katiba yetu, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sera hizo zitabaki karatasi mpaka tukipe Kiswahili kazi ambayo mtu ataihitaji kesho asubuhi. Kueleza betri ni kazi ya aina hiyo.

Na kuna hoja nzito kuliko zote, ambayo sijaisikia ikitajwa katika mihadhara yetu. Tazama betri hizi zinatoka wapi. Kobalti ya dunia, zaidi ya nusu yake, inachimbwa Kongo, na moyo wa uchimbaji huo ni Kolwezi, ambako watu wanazungumza Kiswahili. Lithiamu iko Manono, katika mkoa wa Tanganyika, ambako pia wanazungumza Kiswahili. Kinywe kiko Mahenge, Morogoro. Nikeli iko Kabanga, Ngara. Hata hapa kwetu, Kasese, kiwanda kilianza mwaka 1999 kutoa kobalti katika mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe kwa msaada wa bakteria. Kisha betri inazunguka dunia na kurudi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kubebwa na wasemaji wa Kiswahili. Anayeichimba anasema Kiswahili na anayeikalia anasema Kiswahili. Katikati, kwenye karatasi zote zinazoeleza ni nini na ina thamani gani, Kiswahili hakimo.

Hilo si suala la fahari tu. Nimesema kwamba betri za chuma na fosfeti hazitumii kobalti. Betri za sodiamu, ambazo kampuni ya CATL ya China ilizitangaza mwaka 2021, hazihitaji hata lithiamu. Kijana wa Kolwezi aliyeweka maisha yake kwenye shimo la kobalti ana haki ya kujua kwamba maabara za mbali zinatafuta njia ya kumkwepa. Diwani wa Mahenge anayejadiliana na mwekezaji ana haki ya kujua kinywe kinafanya kazi gani ndani ya betri, kwamba ndicho kinachohifadhi ioni za lithiamu betri inapojaa. Asiyejua atauza kwa bei atakayoambiwa. Na nani atawaeleza, kama si mhandisi wa Afrika Mashariki anayejua vitu viwili: betri na Kiswahili?

Wengine husema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Jibu langu ni fupi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kabla sijazaliwa. Watanzania wanasema kinywe bila kumwomba mtu ruhusa. Na pale neno linapokosekana, tunakopa, kama walivyokopa wenyewe. Lithiamu ni jiwe la Kigiriki, kobalti ni zimwi la Kijerumani, na neno betri lenyewe Benjamin Franklin alilichukua katika karne ya 18 kutoka kwa wapiga mizinga. Kiingereza hakikuzaliwa na maneno hayo mdomoni.

Lakini haki ni haki, na sitawalaumu wahandisi peke yao. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna mchango mkubwa katika ububu huu. Tumejifungia katika ushairi na riwaya, tukaiacha sayansi kana kwamba ni mali ya jengo la jirani. Tunapokumbuka istilahi, tunaziunda mezani, ndefu na nzito, kisha tunawalaumu watu kwa kutozitumia. Katika miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake hapa hapa Makerere. Kampala ilikuwa mahali ambapo Kiswahili kilisanifiwa. Leo tunangoja kamusi kutoka nje na tunahesabu kurasa. Nimehudhuria semina nyingi kuhusu mustakabali wa Kiswahili nchini Uganda, na sijaona hata moja iliyomwalika fundi.

Wala hatuna upungufu wa akili ya kuunda. Makerere ilionyesha Kiira EV mwaka 2011, gari la watu wawili linaloendeshwa kwa betri. Mwaka 2016 likaja basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Tulipiga picha, tukapiga makofi, na tulistahili. Lakini mwulize mwanafunzi yeyote, wa sayansi au wa sanaa, amweleze shangazi yake kijijini basi lile linapata wapi nguvu ya kutembea usiku. Majibu yatakuonyesha pengo lilipo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote yanaweza kuanza bila bajeti mpya. Kwanza, kila mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi unaohusu kifaa cha kutumiwa na umma uambatane na kurasa mbili za maelezo kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya watumiaji, zikieleza kifaa kinafanya nini, kinaharibikaje na ufanye nini kikiharibika. Kurasa hizo zipewe alama kama sura nyingine yoyote ya ripoti.

Pili, uwasilishaji uwe na msikilizaji mmoja ambaye ni mtumiaji halisi: dereva, fundi, mhudumu wa kituo. Mwanafunzi amweleze. Kisha msikilizaji arudie kwa maneno yake mwenyewe na aonyeshe kwa mikono yake. Akikosea, alama ipungue kwa mwanafunzi, isipungue kwa dereva. Gharama yake ni nauli na chai.

Tatu, sisi wa Kiswahili tupangwe na wanafunzi wa uhandisi wawili wawili, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama zetu pia. Wao watuambie kilichomo ndani ya kasha. Sisi tuwaambie kinachosikika steji. Orodha ya maneno tutakayoipata tuirudishe kwa mafundi wenyewe waikosoe kabla haijachapishwa.

Najua wahadhiri wetu watasema mtaala umejaa. Nami nasema mtaala uliojaa vitu ambavyo mzee wa mlangoni hawezi kuambiwa umejaa vibaya. Maswali ya mitihani ya muhula ujao bado hayajatungwa. Naomba moja tu liongezwe katika karatasi ya stadi za mawasiliano ya wanafunzi wa uhandisi, nalo lisomeke hivi: Mweleze dereva wa boda, kwa lugha anayoielewa, betri yake imwendeshe mpaka wapi, dalili gani zimfanye aiache, na maji ya Bwaise yakiifikia afanye nini. Usitumie slaidi. Alama 20.